Risiti ya Dobi

Joho lako bado liko kwa dobi, Ruwi.
Kanipigia mara mbili: nguo ya wakili tayari,
riali moja na baisa mia mbili.
Sikumwambia walikuja Jumanne,
wakati wa kahawa,
watatu, wapole mno,
wakavua viatu mlangoni
wakaondoka na kompyuta, simu, daftari la wateja,
na wewe.

Kituoni naulizwa: Mundhir gani?
Hapa hatuna mtu wa jina hilo.

Sikuwa na karatasi nyingine mkobani.
Nikawapa risiti.
Jina lako limo, kwa mwandiko wa dobi,
na tarehe,
na chini kabisa:
doa la wino, mkono wa kulia.
Limefuliwa mara tatu.
Halitoki.