Sumaku ya Redio

Walinipa kalamu kabla ya kunipa ufunguo.
"Saini hapa, Mama Chilewa, na hapa, na pale chini,"
alisema Heriel, kijana wa mauzo, shati jeupe kuliko pikapu,
na pikapu yenyewe nyeupe, viti vyake bado vimo kwenye nailoni
kama mikate ya dukani.
Nikasema, ngoja nizunguke kwanza.

Mimi ni mtu wa zabibu, wa Mpunguzi.
Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya mizani
mnunuzi akiinua kichala changu kwenye mwanga,
akikigeuza, akitafuta punje moja iliyopasuka
apate kukata kilo tatu kwenye kreti.
"Hii imeumia, mama."
Nami hunyamaza, kwa kuwa kweli imeumia.
Jicho hili alinifundisha yeye, bila ada.

Nilizunguka taratibu. Nje Kizota ilipuliza vumbi lake la Agosti.
Mlango wa kushoto: mweupe, ndiyo, lakini weupe mwingine,
ugali wa jana umewekwa kando ya ugali wa leo.
Nikaugonga kwa kifundo cha kidole kama tugongavyo tikiti.
Wa kulia uliita ngaa.
Wa kushoto ukajibu ndu.

Mkobani nilikuwa na sumaku,
duara jeusi nililolichomoa mgongoni mwa spika
siku redio ya marehemu ilipokata kauli.
Nyumbani hunishikia sindano zisipotee.
Kulia ikanata, nikaing'oa kwa nguvu.
Kushoto ikateleza, ikaangukia vigae,
na ukumbi mzima ukageuka.

Bwana Mwidini, meneja, akatoka na tabasamu la chai.
"Ni mkwaruzo tu wa njiani. Hata hauonekani."
Hauonekani, nawe uliujua kabla sijauona?
Akaongeza mazulia ya miguuni. Akaongeza tenki lijae.
Akaongeza turubai.
Nikawa nashangaa jeraha dogo hivyo
linavyozaa zawadi.

Alipokwenda kupiga simu Dar es Salaam
Heriel akainama kana kwamba anafuta tairi.
"Ilibamizwa ikishushwa kwenye lori, mama.
Mimi ndiye nilikuwa nyuma, naongoza kwa mkono.
Ukiikataa, watanikata mimi."

Hapo moyo wangu nao ukaingia mbonyeo.
Ana umri wa kitindamimba wangu.
Kola yake ilikuwa na uzi uliochomoka.
Niliitazama kalamu, nikakumbuka vikao vya SACCOS,
miche niliyoing'oa mwaka wa ukame,
milioni ishirini na sita, punje kwa punje,
wala hakuna siku mnunuzi aliniuliza
ukikatwa leo, mama, nyumbani atakatwa nani.

Nikaandika. Si saini.
Niliandika kwa herufi za darasa la nne, zikavuka mistari:
*Mlango wa kushoto ulipigwa puti kabla sijapewa gari.
Sijalipokea. Nataka jingine, au fedha zangu.
Lori lina mwenyewe na bima ina mwenyewe.
Kijana huyu asikatwe.*
Nikataka muhuri.
Meneja akasema muhuri umefungiwa kabatini.
Nikasema nina siku nzima, na nimebeba viazi vya kuchemsha.

Muhuri ulipatikana saa nane na robo.

Nilirudi Mpunguzi kwa bodaboda, nakala kifuani,
upepo ukinijaza mchanga machoni.
Gari bado sina. Labda wiki mbili, walisema,
na hiyo labda yao haikugongwa muhuri.
Banda nililolijengea linalala kuku wawili.
Na kuhusu Heriel sijui; karatasi inasema, watu hutenda.

Usiku nilipoumimina mkoba mezani
sumaku ilikuwa imeukamata ufunguo wa banda,
na pini moja ya karatasi zao, sijui niliichukua lini,
imening'inia kwa ncha,
inatetemeka.