Asilimia Tisini na Moja

Kompyuta ilisema: usiku huu nitajisasisha.
Haikuomba ruhusa, ilitoa taarifa,
kama mgeni anayehamisha viti vya mwenyeji.
Asubuhi ikaamka haiitambui printa,
imeisahau ile herufi yetu yenye kiwimbi kichwani,
na feni yake inahema
kama mbwa aliyepanda ngazi zote za kijiji.
Ripoti za watoto kumi na mmoja zilikuwa humo,
zinasubiriwa Cochrane.

Nikaamua turudi nyuma.
Toleo la zamani, lile jepesi,
lililokuwa tayari kabla birika halijachemka.
Giga nne na nusu.
Kwetu mtandao unashuka kwa dishi moja
juu ya paa la maktaba,
na mvua ya kusini mwa Chile
ina mazoea ya kukaa katikati ya mazungumzo.

Nilipita mlango kwa mlango, mbao za mvinje zikiteleza:
kuanzia saa tatu usiku, tafadhali, msifungue chochote.
Don Ovidio akazima simu yake papo hapo,
akaiweka kabatini, akafunga kwa ufunguo.
Vijana wa Barría walinung'unika.
Yerko, wa darasa la sita, akauliza:
"Mwalimu, ikiweza kurudi nyuma,
irudi mpaka kabla ya mtihani wa Jumanne?"

Saa tatu, asilimia moja.
Saa tano, kumi na nne.
Nikatia kuni jikoni mwa maktaba.
Bandu bandu huisha gogo, ndiyo,
lakini waliosema hivyo
walikuwa wameshika shoka wenyewe.
Saa nane, hamsini na tano.
Saa kumi na moja alfajiri, tisini na moja.

Ndipo nikasikia viatu njiani.
Hapa kila mtu ana mdundo wake juu ya mbao;
huu ulikuwa wa Zunilda, ila umevurugika.
Akaingia, koti juu ya nguo ya kulalia,
simu mkononi imeganda:
uso wa bintiye, huko Punta Arenas,
umekatwakatwa miraba,
na kifuani pake kitu kidogo
chenye rangi moja tu, waridi.
"Amejifungua. Siwasikii."
Akaiona skrini yangu. Akarudi hatua moja.
"Nitangoja," akasema. "Umebakiza kidogo."

Kitufe cha kusitisha ni kidogo kuliko ukucha.
Niliijua seva ile:
ukiiacha njiani, haikukumbuki.

Nikabonyeza.

Picha ikajiunga, jicho kwanza, kisha sauti:
kilio chembamba, chenye hasira,
kimepanda mpaka angani kikashuka
bila kupungua.
Zunilda akaigeuza simu ili nami nione.
Nywele nyingi mno, nyeusi, bado zimelowa.
Tulikaa hivyo mpaka moto ukafa jikoni
na hakuna aliyeinuka kuuchochea.

Sifuri. Sikuanza tena.
Ripoti nikaziandika upya kwa mkono,
nyingine kwa kumbukumbu, nyingine kwa huruma.

Don Ovidio, bila kuniambia,
alikuwa amezungumza na binamu yake kwa redio.
Boti ya mizigo ikaleta unga, gesi, misumari,
na ndani ya bahasha ya kaki
flashi nyekundu iliyofungwa kwa uzi wa sufu.
Giga nne na nusu, zimekuja kwa maji:
polepole kuliko anga,
ila hazikukatika.

"Vyote vilivyomo vitafutwa. Endelea?"
Endelea.
Ikafuta, ikanguruma, ikanyamaza kwa muda
uliotosha kuninyima pumzi.
Kisha ule mlio wa zamani, noti mbili,
na herufi yetu ikarudi na kiwimbi chake.

Haikujua tu leo ni lini.
Ilidhani bado ni mwaka ule ilipotoka kiwandani,
ikaniuliza tarehe.
Kalenda ya ukutani ilikuwa imenyeshewa.
Nikahesabu kwa vidole:
siku ya tatu tangu azaliwe Maite.