Herufi A

Nimeinunua kwa mchezo wa miezi kumi na minne.
Zamu yangu ilipofika wenzangu wakasema,
nunua dhahabu, Mwanahamisi, dhahabu haitaki chaja.
Sikuwasikiza. Nikashuka hadi Barabara ya Digo
nikarudi na kipakatalishi cha kijivu,
chembamba kama chapati ya mtu mchoyo.
Risiti nikaitia ndani ya kopo la iliki.

Kazi yangu ni majina ya kanga.
Pravin wa Mtaa wa Biashara hunilipa kwa jina:
maneno manne, matano, ya kukaa juu ya pindo
na kumpiga jirani bila ya kumgusa.
Miaka kumi nimeyaandika nyuma ya kalenda.
Sasa, nikajiambia, mambo ni kwa mashine.

Siku ya kwanza ikaomba kusasishwa.
Nikairuhusu, kama mgeni aliyeomba maji.
Ikanywa bando la wiki nzima, ikazima,
ikawaka, ikaandika asilimia thelathini na mbili,
ikakaa papo hapo, thelathini na mbili,
tangu adhana ya alasiri mpaka ya magharibi,
ndipo stima ikakatika Bondeni yote,
na betri niliyoapiwa kuwa ni ya saa tisa
ikafa kabla sijauona mshumaa.

Siku ya pili ikaanza kunisahihisha.
Kila nilichoandika kikapigwa mstari mwekundu
kama daftari la mtoto mzembe.
Wivu, kosa. Jirani, kosa. Subira, kosa.
Yakapita salama maneno mawili tu:
pole,
na mate.

Na joto lake! Machi hii, ambapo hata ukuta unatoka jasho,
feni yake inalia kuishinda ya dari,
paja linababuka.
Nikaipandisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi
ili ipate hewa kwa chini. Hilo lilisaidia.
Mwanangu Shariffa akapiga picha, akacheka siku mbili.

Wiki ya tatu herufi A ikagoma.
Si Q wala X, tusizokuwa na haja nazo.
A!
Mama akawa mm. Dada, dd.
Maji yakawa mji,
na kweli, mji wetu ndio huu usio na maji.
Mapenzi yakawa mpenzi. Hapo nikaacha kucheka,
nikakumbuka ninavyoishi.
Jina langu likatoka Mwnhmisi,
kama mtu anayeitwa akiwa amezibwa mdomo.

Fundi Lali wa Mwembe Tayari akaigeuza,
akaipuliza, akainusa hasa, kama samaki.
“Chumvi ya hewa, Bi. Nikiifungua, waranti imekufa. Irudishe dukani.”
Dukani kijana hakuitazama hata.
“Boksi lake?”
“Liko nyumbani.”
“Lilete, na sponji zake. Bila boksi hatupokei.”

Boksi liko chini ya kitanda.
Paka wa uchochoroni amezalia humo,
wanne, juu ya sponji zile zile,
macho yamefumba.
Nilinyoosha mkono, mama yao akanitazama
jicho ambalo hakuna kanga iliyowahi kulisema.
Nikaurudisha.

Pravin naye akapiga simu: jina, Bi, kiwanda kinangoja.
Kalamu ilikuwapo mezani. Sikuishika.
Nikakaa na hiyo mashine mpaka usiku wa manane
nikizunguka pengo lake kwa ulimi
kama azungukaye jino lililong'oka,
nikaandika:

*Sisemi yenu, msiseme yetu.*

Akalisoma mara mbili. Akalipa,
na mia mbili juu. Hakujua kilichokosekana.

Jana mmoja amefungua jicho, la kushoto.
Waliobaki bado.
Waranti ni ya mwaka, haina pupa.
Asubuhi hii nimeibonyeza A tena, kwa mazoea tu,
kisha nikaenda kuchemsha maziwa.