Uzi Hauonekani

Sista Kadzo aliinamisha taa, akatafuta,
akaniambia nikohoe, akatafuta tena.
"Uzi siuoni," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeangusha sindano mkekani
na hataki wenye nyumba wajue.

Mimi ni mshoni wa kofia, hapa Langoni.
Uzi ndio riziki yangu.
Uzi ukizama kitambaani hauendi mbali,
waubana kwa ukucha, wauvuta.
Huu ulizama ndani yangu
na hakuna ukucha wa kufika huko.

Kitanzi, ndivyo wanavyokiita.
Kidogo, kama herufi aliyoianza mtoto akaitwa kula.
Tulikubaliana, mimi na Shekuwe:
miaka mitatu tupumzike,
deni la saruji liishe, Khuleita aingie chuoni,
ndipo tumwite mwingine.
Hatukuiba. Hatukumficha mtu.
(Mamake hatukumwambia. Hilo nakiri.)

Eksirei ilipandishwa dirishani:
nyonga zangu, mawingu mawingu,
na kile kiherufi cheupe kimelala ubavu,
kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni
akapita nyumba nzima, akatokea uani.
"Kimetoboa ukuta wa mji wa mimba," daktari akasema.
Mji.
Nikaufikiria huu wetu, wa mawe ya matumbawe,
chokaa inavyobambuka kila baada ya mvua,
na fundi anavyosema, ufa huu si kitu, tutauziba,
na mwaka wa pili unapenyeza kidole.

Walikitoa Malindi. Matundu matatu tumboni,
madogo, nadhifu. Niliyakagua kwa kioo cha mkononi.
Ameshona vizuri, siwezi kumsingizia,
lakini hiyo ni kazi ya nje.
Upande wa ndani wa kofia ndio unaomfichua fundi,
na wa kwangu nani ataugeuza autazame?

"Nitazaa tena?" nikauliza.
Akatazama karatasi. "Huenda."

Huenda.
Neno lenye miguu, lisilosema linakwenda wapi.
Nimerudi nalo Lamu kama mzigo wa mtu mwingine.
Hupanda ngazi nami usiku,
hulala kati yangu na Shekuwe,
naye hujigeuza polepole asije akaliamsha.

Mamake hupepeta mchele ukumbini:
"Mkazamwana, Khuleita yuwataka mwenzi wa kuteta naye."
Nacheka. Nashona huku nacheka.
Mara mbili nimejidunga; kofia ya bwana harusi
ina doa langu chini ya upindo,
ataivaa na hatajua.

Somoe, shoga yangu, kwake kilikaa miaka mitano kimya,
kikatolewa, akazaa kabla mwaka haujapinda.
Kwa hiyo siwezi kusema kitanzi ni kibaya.
Siwezi pia kusema ni kizuri.
Wasichana wakiniuliza, natafuta mkasi nilioushika.
Nampenda Somoe. Mtoto wake ana arubaini sasa
na sijakwenda kumtazama.

Kuna usiku naona aibu kulia,
maana ninaye mmoja, mzima, mwenye makelele,
na kuna wanawake mtaa huu wangenipokonya msiba huu
wakaufanya sherehe.
Basi hulia kidogo. Nusu kibaba.

Leo Khuleita kakaa magotini pangu
anahesabu vitobwe vya kofia kwa kidole:
"Moja, mbili, nne."
"Umeruka tatu."
"Sikuruka," asema. "Tatu imelala."

Leo ni siku ya thelathini na moja.
Sijamwambia mtu. Yaweza kuwa kitu,
yaweza kuwa uchovu tu, au dawa hazijaisha mwilini.
Nalamba ncha ya uzi,
naielekeza kwenye tundu la sindano,
nakosa.
Nalamba tena.