Tano za Nyasi

Mvua ilitukuta Semarang, nyuma ya hekalu.
Sarmidi akateremsha turubai mbele yangu,
mwenyewe akabaki nje, juu ya tandiko,
kofia ya plastiki ikimtiririkia masikioni.
Kwenye becha abiria hukaa mbele, kama bampa;
mwendeshaji yuko nyuma, anakupumulia kisogoni.
Safari nzima humwoni.
Unamsikia.

Tukajikinga kwa Nyonya Giok Nio, muuza dawa za mizizi,
nami kwa ugonjwa wangu wa kuchokonoa maneno
nikauliza becha maana yake nini.
Sarmidi akagonga kengele: "Ni hii."

Bibi akaacha mizani ining'inie.
"Babu yangu alishuka melini, ametoka Fujian,
ana sufuria moja na maneno tele.
*Be*, farasi. *Chia*, gari.
Gari la farasi, mwanangu. Hivyo tu."

Sarmidi akatazama mnyororo, akatazama pedali,
akainama kuchungulia chini ya kiti
kama mtu aliyeambiwa kabeba mali ya watu.
"Miaka thelathini na minane," akasema,
"nimeulizwa leseni, nimeulizwa hesabu ya tajiri,
nimeulizwa kwa nini nisinunue pikipiki.
Sijaulizwa farasi yuko wapi."

Tulicheka mpaka bibi akatafuta leso.

Maneno ni kama wapangaji:
huhama usiku, wakaacha msumari ukutani
palipokuwa na picha.
Farasi alikufa, au aliuzwa, au hakupanda meli
(Nyonya hajui, nami simsingizii),
jina likabaki na hatamu zake mkononi
likingoja wa kufungwa.
Akaja mtu, ana njaa, ana miguu miwili.
Wakamfunga. Hakuna aliyebadilisha jina.

Mvua ikapungua ikawa manyunyu.
Kwenye mwinuko wa daraja la Berok
nilisikia pumzi kisogoni, fupi, nzito, ya moto,
na chuma kikilia chini ya uzito wangu,
mimi na mkoba wangu wa kamusi.
Nikataka kugeuka.
Nikaona haya.

Stesheni ya Tawang nikauliza nauli.
Alikuwa anakamua fulana, maji yanamtoka mpaka kwenye kandambili.
"Elfu ishirini," akasema, bila kutabasamu.
"Kumi na tano zangu.
Tano za nyasi."