Spika Iliyochanika

Toka juzi Kitangari hapakaliki.
Mtu akileta pasi analeta na hoja:
ule wimbo wa Deni la Mkwe,
uliokuwa ukifungua mchezo kila Jumatano
saa moja na nusu usiku,
nani kauimba vizuri, nani kauchinja.

Mimi kazi yangu solda na waya.
Lakini kibanda changu ndicho chenye spika kubwa,
basi kesi zote zinasomwa hapa,
juu ya redio zilizopasuliwa matumbo.

Somoe Nanyanje anaapa kwa kaburi la bibi yake
kwamba kijana wa Masasi ameufufua:
kautia mbio, kautia ngoma ya harusini.
"Ule wa zamani unalia kama mkopaji.
Huu unadaiwa, na bado unacheza!"
Naye anacheza kweli, kikombe cha uji mkononi,
mpaka uji unamwagikia kipima umeme changu.

Mwalimu Likwata hataki hata kusikia.
Ubeti wa pili kijana kauruka,
ule wenye jina la mto,
na wimbo uliokatwa ubeti, anasema,
ni suruali iliyokatwa mguu mmoja:
kuivaa utaivaa, utakwenda nayo wapi?
Yeye yuko na wanakwaya wa Ndanda,
sauti nne, kinanda,
kila neno limepigwa pasi.
"Limepigwa pasi mpaka limeungua,"
anajibu Somoe, ambaye pasi yake ninayo mimi
mwezi wa pili sasa.

Asumini Mchopa anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Huongea mara chache, ndiyo maana tulinyamaza.
"Yule mama wa kwanza," akasema,
"alikuwa anavuta pumzi kabla ya neno rudisha.
Hawa wote wameimba neno.
Hakuna aliyeimba pumzi."

Mtoto wa Chilumba, aliyetumwa betri,
akatuangalia mmoja mmoja.
"Kwani huo wimbo ulikuwa na mchezo?"

Hakuna aliyemjibu.
Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Wakanigeukia mimi. Fundi, amua.
Nikachomeka kadi yenye wimbo wenyewe, wa kwanza,
niliyotafutiwa na shemeji yangu kwa siku nyingi.
Mama yule akaimba. Safi.
Pumzi ile ikapita, Asumini akafumba macho.
Nami nilisimama na bisibisi yangu
kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni
katika nyumba aliyozaliwa.

Maana kwetu Mahuta runinga ilikuwa inchi kumi na nne,
na kaka yangu aliitoboa spika kwa njiti ya ufagio
akitaka kujua watu wanakaa wapi.
Baba alisema tusubiri malipo ya pili ya korosho.
Malipo ya pili hayakuja.
Kwa hiyo kila mama yule alipopanda juu,
pale penye "hata kama ni mwanangu,"
spika ilisema krrr.
Mama yangu aliweka ungo chini akisubiri hapo hapo,
akaiwahi:
krrr,
tukacheka mpaka mchezo ukaanza bila sisi.

Hayo sikuwaambia.
Nilisema zote nzuri.
Somoe akasonya, Mwalimu akaniita mwanasiasa,
wakaondoka wakibishana hadi njia panda.

Usiku nikafunga kibanda, mimi ndani.
Nikachukua njiti ya ufagio.
Nikaitazama ile spika, mpya, ya watu,
mwenyewe anaifuata Ijumaa.
Nikairudisha njiti mahali pake.

Nikaimba mwenyewe, kwa sauti ya chini,
ubeti wa mto na wote,
nikafika pale juu, nikasema
krrr.

Jirani akagonga ukuta:
"Fundi! Kuna kitu kinaungua huko?"