Pumzi Iko Wapi

Zimebaki siku nne mhula ufungwe.
Nembo ya duka la dawa ambalo halipo, nimemaliza.
Bango la chanjo ya kuku, nusu.
Lebo ya mvinyo wa zabibu za kwetu, yenye alama arobaini,
sijaianza.

Kompyuta ya Ndahani tunaitumia watu watatu.
Zamu yangu huanza saa nane usiku,
saa ambayo hata mbwa wa Ng'ong'ona wamechoka kubweka
na upepo unapekua mabati
kama mtu aliyepoteza funguo.

Nafungua faili. Nasogeza herufi
unywele mmoja kulia,
unywele mmoja kushoto,
nairudisha ilipokuwa.
Kisha, najijua, mkono unateleza
hadi kwenye folda isiyo ya masomo:

fundi baiskeli wa Nkuhungu, tairi shingoni;
kivuli cha nguzo ya umeme
kilichofika ukutani kikavunjika kiuno;
mawe ya Iyumbu baada ya mvua ya Januari,
meusi, yanatoa moshi.
Picha mia sita na kumi na mbili tangu Desemba.

Madamu Mwaluko hasemi sana.
Huzungushia kalamu nyekundu pale ulipojaza mno,
huandika pembeni: pumzi iko wapi?

Hata kamera si yangu. Ni ya mjomba Chilongani,
aliyepigia harusi Kondoa
mpaka harusi zikahamia kwenye simu.
Betri yake ina subira ya mwenye njaa.

Jumamosi nikaaga: naenda Hombolo, kazi ya lebo.
Uongo wenye nusu ya ukweli.
Nilifuata mwanga wa saa moja asubuhi,
ule unaolalia vumbi
kabla jua halijakumbuka kuwa hapa ni Dodoma.

Mama mmoja alikuwa anakata vichala,
kisu kifupi, kanga kiunoni,
kila kichala anakidaka kwa kiganja
kama anayepokea mtoto wa jirani.
Nikaomba. Akakubali. Nikapiga kumi na moja,
betri ikafa kwenye ya kumi na mbili.
Akataka kujiona. Nikamwonyesha kioo cheusi.

"Za nini hizi?"
"Za lebo, mama. Ya chupa."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya mzabibu.
"Mimi, Sechelela wa kwaya ya akina mama,
uniweke kwenye chupa ya pombe?
Mchungaji anikute dukani, nimepangwa?"
Kisha, bila kicheko:
"Piga utakavyo, mwanangu.
Ila huko usinipeleke."

Akanifungia kichala kimoja kwenye gazeti.

Usiku ule mikono yake ilifunguka kwenye kioo cha Ndahani,
utomvu wa zabibu hadi kifundoni,
na kovu dogo la kisu ambalo macho yangu hayakuliona, lenzi ililiona.
Nilijua ndiyo hii. Nilijua haiwezi kuwa.
Nisijitakase: niliibandika.
Nikakata uso, nikabakiza vidole,
nikajitetea, nani atamtambua kwa vidole?

Yeye.

Nikafuta. Pakabaki peupe,
nikaogopa kupagusa.
Umeme ukakatika. Uliporudi alfajiri
niliandika jina la mvinyo tu, chini kabisa, herufi ndogo,
nikakimbilia kuku,
ambao bango lao lina makosa mawili ya tahajia.
Niliyaona baada ya kukabidhi.

Madamu Mwaluko aliitazama lebo.
Kalamu nyekundu ikakaa hewani.
"Hapa katikati palikuwa na nini?"
Nilitaka kusema: mtu.
Nikasema, "Nilipaacha tu."
Akaandika thelathini na moja, akaita jina linalofuata.

Leo hosteli inanuka magodoro yaliyoanikwa.
Ndahani ameondoka na kompyuta yake.
Mfukoni nina elfu tatu.
Studio ya Majengo huchapa picha kubwa kwa elfu mbili,
nauli ya Hombolo ni elfu mbili na mia tano.
Nimeipiga hesabu hii njia zote, haikubali.

Nimechapa kwanza.
Nauli itajijua.